Mafuta Yenye Nta Yakimwagika Hayagandi Papo Hapo: Nani Anahakikisha Kampuni ya Bomba Imejiandaa?

"Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mkazi wa Moshi, ila shamba la wazee wetu liko wilaya ya Korogwe, kando ya Mto Pangani, chini ya mahali bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linapovuka. Baba mdogo analima nyanya na vitunguu kwa pampu ndogo inayovuta maji mtoni. Kwenye mkutano wa kijiji mtu mmoja alituambia tusihofu, kwamba mafuta haya ni kama nta ya mshumaa, bomba likipasuka yanaganda palepale. Mwingine akasema amesoma kuwa huko Marekani mafuta mazito yalizama mtoni na kusafishwa kwa miaka. Yupi kati yao ni mkweli? Je, mafuta yanaweza kupanda hadi Nyumba ya Mungu na kutufikia sisi wa Moshi? Na hasa, ni nani anayehakikisha kuwa kampuni imejiandaa kweli, si kwenye makaratasi tu?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja, nami nitaanza na lililo jepesi ili tulimalize. Mafuta hayawezi kupanda hadi Nyumba ya Mungu. Maji ya Kilimanjaro na Meru, yanayoletwa na mito ya Ruvu na Kikuletwa, hukutana katika bwawa lile, kisha Mto Pangani huyachukua kuelekea baharini. Bomba linauvuka mto huo mbali sana chini ya bwawa, kwa hiyo kinachomwagika pale huenda Bahari ya Hindi, hakirudi Moshi. Maji unayokinga nyumbani kwako hayamo katika hatari hii. Pampu ya baba mdogo ndiyo iliyo njiani, na ni kwa ajili yake nitakayoyaeleza hapa chini.

Kuhusu wale wasemaji wawili, kila mmoja alishika ukweli kwa upande mmoja. Wa kwanza alianza vizuri: mafuta ya eneo la Ziwa Albert yana nta nyingi kweli. Wataalamu hupima uzito wa mafuta ghafi kwa kipimo kiitwacho API, ambacho namba yake ikishuka, mafuta huwa mazito zaidi. Chini ya takriban 22 huhesabiwa kuwa mazito, na chini ya 10 huzama hata katika maji yasiyo na chumvi. Mafuta ya Uganda yako karibu na 30, kwa hiyo si mazito kwa maana hiyo, na yanapotoka bombani huelea. Ugumu wake uko kwenye nta, ambayo huyafanya yagande joto linaposhuka hadi karibu nyuzi 40 za Selsiasi. Ndiyo sababu bomba zima, kilomita 1,443 kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, limevikwa tabaka la kuhifadhi joto na kuwekewa nyaya za umeme za kuyapasha mafuta yabaki karibu nyuzi 50.

Alipokosea ni aliposema "palepale". Niliwahi kufundisha mafunzo mafupi hapa Arusha nikiwa na chupa ya mafuta ghafi yenye nta nyingi. Asubuhi nilipoipindua mbele ya wanafunzi, hakuna kilichotoka. Yalikuwa magumu kama samli ya msimu wa baridi, na darasa zima likatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha nikaitia chupa ile katika sufuria ya maji ya moto kwa dakika chache, nikayamimina kwenye sinia lenye mchanga mkavu. Yalitiririka kama uji mwepesi, yakaingia mchangani karibu kina cha kidole kabla ya kuanza kushika. Tulipojaribu kuyakwangua hatukuweza kuyatoa bila kutoa mchanga wenyewe. Bomba likipasuka, mafuta hutoka yakiwa na joto la bomba na msukumo wa pampu, siyo yakiwa na ubaridi wa ile chupa ya asubuhi.

Zaidi ya hayo, hali ya Korogwe haisaidii sana. Udongo mkavu usio na kivuli, saa nane mchana wa Januari, hupita nyuzi 40 bila shida, kwa hiyo mafuta yaliyoshika usiku yanaweza kulainika mchana na kusogea tena kufuata mteremko. Na chini ya ardhi, pale panapovuja kidogokidogo, joto la bomba lenyewe huweza kuyaweka katika hali ya kimiminika huku yakifuata kifusi kilicholegea cha mtaro ambamo bomba lilifukiwa.

Yakifika mtoni mambo hubadilika tena. Maji yenye nyuzi 25 huyagandisha upesi yakawa mabonge na vipande vinavyoelea, vikapelekwa na mkondo mbali kuliko ambavyo utando wa mafuta mepesi ungefika. Kuna nafuu ya kweli hapa, nami sitaificha: bonge linaweza kuokotwa kwa wavu na koleo, na halipenyi kirahisi kwenye udongo wa ukingo. Lakini mashine za kawaida za kukwangua mafuta juu ya maji, pamoja na pampu na mipira ya kuyanyonya, zimeundwa kwa kitu kinachotiririka, nazo huziba. Mabonge yakijichanganya na mchanga na tope la masika, baadhi huongezeka uzito na kushuka chini. Tena kabla nta haijashika, sehemu nyepesi ya mafuta huwa tayari inapaa hewani ikiwa na benzini, ambayo ni sumu kwa anayeivuta. Atakayekimbilia ukingoni kutazama katika saa za kwanza ndiye atakayeumia mwanzo.

Sasa kwa msemaji wa pili. Aliyoyasoma yalitokea tarehe 25 Julai 2010 karibu na mji wa Marshall, jimbo la Michigan, na yanastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu somo lake ni la usimamizi kuliko la kemia. Bomba la kampuni ya Enbridge lilikuwa limebeba lami asilia ya Kanada iliyochanganywa na kiyeyusho chepesi ili iweze kusukumwa. Jioni ile, karibu saa kumi na mbili, bomba lilipasuka. Kengele zililia katika chumba cha udhibiti kilichoko Edmonton, Kanada, lakini waangalizi walidhani ni mapovu ya mvuke ndani ya bomba, hali inayoweza kuleta dalili zinazofanana. Mara mbili waliwasha tena pampu, na sehemu kubwa ya mafuta yaliyomwagika ilitoka katika kuwasha huko. Wakazi walikuwa wameshapiga simu usiku uleule wakilalamikia harufu. Zimamoto walifika, wakazunguka wakitafuta gesi, wakarudi kituoni, kwa kuwa hawakuwa wakifikiria kabisa bomba la mafuta lililo chini ya miguu yao. Zilipita zaidi ya saa 17 hadi mfanyakazi wa kampuni nyingine, ya gesi, alipoona mafuta kwenye kijito na kupiga simu.

Zaidi ya galoni 840,000 zilitoka, zikaingia kijito cha Talmadge na kisha Mto Kalamazoo uliokuwa umefurika kwa mvua. Kiyeyusho kilipaa hewani, watu wapatao 320 wakaripoti dalili za kuathiriwa, na lami iliyobaki ikajishika na mchanga na kuzama. Waliofika kwanza walikuwa na vizuizi visivyofaa kwa maji ya kasi, na nguvu yao wakaielekeza mbali mtoni, kule mkondo unakoelekea, badala ya karibu na chanzo. Miaka mitatu baadaye bado serikali ilikuwa ikiamuru sakafu ya mto ichimbwe, na gharama ilishapita dola bilioni moja.

Jambo ambalo ningependa baba mdogo na wanakijiji wenzake walikumbuke ni hili: kampuni ile ilikuwa na mpango wa dharura, na mpango huo ulikuwa umepitishwa na mdhibiti. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, katika ripoti yake ya 2012, iliandika kuwa wakala wa serikali unaosimamia mabomba ulikuwa umetenga watumishi wasiofika wawili wa kudumu kwa mipango takriban 450. Kwa idadi hiyo karatasi hazisomwi, zinapigwa muhuri. Na mwishoni mwa 2015 jopo la Taasisi za Taifa za Sayansi za nchi hiyo lilishauri kwamba mpango wa kila bomba utaje waziwazi aina za mafuta ghafi yanayopita ndani yake pamoja na tabia zake, maana mpango ulioandikwa kwa "mafuta" kwa jumla ulikuwa umewaandaa watu kupambana na kitu kinachoelea, wakakutana na kinachozama. Kwetu kosa linaweza kuja kwa sura nyingine: watu wakaandaliwa kwa kinachotiririka, wakakutana na kinachoganda, au wakatulizwa kwa kuambiwa kinaganda, wakakutana na kinachotiririka.

Mdhibiti makini hufanyaje basi? Huanza kwa hesabu. Kanuni za Marekani, zilizotokana na sheria ya 1990 iliyopitishwa baada ya ajali ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez, humtaka mwendeshaji wa bomba akokotoe umwagikaji mbaya kuliko wote: dakika za kugundua pamoja na dakika za kuzima, zidisha kwa kasi ya mafuta, kisha ongeza yale yatakayochuruzika kutoka kwenye kipande cha bomba kilicho kati ya vali mbili, yaani milango ya kufungia mafuta ndani ya bomba. Tuifanye kwa bomba letu. Uwezo wake wa juu ni mapipa 246,000 kwa siku, na pipa moja ni lita 159. Hizo ni takriban lita 27,000 kila dakika. Lori la mafuta la lita 36,000, kama yale unayopishana nayo barabara ya Moshi hadi Arusha, lingejaa kwa dakika moja na sekunde ishirini. Dakika kumi za kubishana kama kengele ni ya kweli ni lita 270,000. Kisha kila kilomita ya bomba la inchi 24 imebeba zaidi ya lita 250,000, na ardhi ikiwa na mteremko kuelekea mtoni, sehemu kubwa ya hizo itachuruzika hata pampu zikiwa zimezimwa. Ukiona hesabu hiyo, utaelewa kwa nini umbali kati ya vali za pande mbili za kivuko na mamlaka ya kijana aliyeko zamu kubonyeza kitufe bila kuomba ruhusa vina uzito kuliko ghala lililojaa vifaa.

Mvujo mdogo una shida yake ya pekee. Mifumo inayolinganisha kiasi kilichoingia na kilichotoka huanza kutatizika tofauti inapokuwa chini ya asilimia moja hivi, na asilimia moja ya mapipa 246,000 ni karibu lita 390,000 kwa siku. Mkongo wa nyuzi za kioo uliolazwa pamoja na bomba husaidia sana kwa kuhisi mabadiliko ya joto, lakini bado mkulima anayeona nyasi zilizokauka isivyo kawaida na kuvuta harufu ngeni ni kipimo ambacho hakina mbadala, mradi awe na namba ya kupiga na upande wa pili pawe na mtu anayemwamini.

Baada ya hesabu huja muda wa kufika. Hapa wadhibiti duniani hawakubaliani, nami nitakueleza ninavyoona. Marekani huweka saa kabisa: kundi la kwanza la vifaa na watu lifike ndani ya saa 6 katika maeneo ya hatari kubwa na saa 12 kwingine, mengine yafuate kwa saa 30 na 54, au 36 na 60. Uzuri wake ni kwamba hata diwani anaweza kuukagua akiwa na saa mkononi. Ubaya wake ni kwamba saa 6 kwenye mto uliofurika ni umilele, na mwendeshaji akishatimiza saa zake huweza kudhani kazi imekwisha. Nchi nyingine, Uingereza mojawapo, humwachia mwendeshaji athibitishe mwenyewe kwamba amepunguza hatari kadiri inavyowezekana. Njia hiyo hulingana zaidi na hali halisi ya kila mto, ila humtaka mdhibiti awe na wataalamu wanaoweza kubishana na wahandisi wa kampuni sentensi kwa sentensi. Kwa nchi yetu ningechagua saa zilizoandikwa, zikaambatana na mazoezi ya kushtukiza yanayofanyika msimu wa masika, barabara zikiwa tope. Zoezi lililotangazwa mwezi mmoja kabla hupima wapishi na wapiga picha.

Niliwahi kualikwa kwenye zoezi la namna hiyo, sitataja la nani. Uzio unaoelea ulitandazwa mtoni moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, mzuri kwa macho, mwekundu, umenyooka. Wakamimina makapi ya mpunga badala ya mafuta. Makapi yakafika kwenye uzio, yakasimama kidogo, kisha tukayaona yakizama na kuibukia upande wa pili, yakaendelea na safari. Sababu inafahamika: mkondo ukipita takriban mita 0.35 kwa sekunde, uzio uliokatisha mto moja kwa moja hushindwa kuyazuia mafuta, nayo hupita chini yake. Ni lazima ulazwe mshazari, uyaongoze mafuta pembeni kwenye maji tulivu ambako yatakusanywa. Baba mdogo anaweza kuupima mto wake mwenyewe. Apime mita kumi ukingoni, atupe kigunzi kikavu cha mahindi, ahesabu sekunde. Kikipita mita hizo chini ya sekunde 28, uzio ulionyooka hautafaa hapo, na ni haki yake kuuliza mpango unasemaje kuhusu eneo lile.

Kwa upande wa sheria zetu, macho yanayopaswa kutazama ni mengi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, husimamia usafirishaji wa mafuta kwa bomba chini ya Sheria ya Petroli ya 2015. NEMC, baraza la taifa la hifadhi na usimamizi wa mazingira, husimamia masharti ya mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo inatambua kanuni kwamba mchafuzi ndiye mlipaji. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapo hapo Moshi, inausimamia mto wenyewe. Kamati za maafa, kuanzia kijiji, zina msingi wake katika Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Tatizo la macho mengi ni kwamba siku ya ajali kila mmoja anaweza kumtazama mwenzake. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa la kuuliza mkutanoni ni nani anatoa amri saa ya kwanza, na nani anawaambia wakulima wazime pampu. Wapo wanaodhani kuwa kwa vile kesi ya bomba hili katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki hapa Arusha ilitupwa tarehe 29 Novemba 2023, basi usalama wake umethibitishwa. Sivyo. Mahakama iliona kuwa shauri lilifunguliwa nje ya muda, kwa hiyo uamuzi huo haukuwa hukumu juu ya mipango ya dharura, kwa wema wala kwa ubaya.

Maswali mengine ningeyauliza hivi, kwa heshima na kwa kuandikwa kwenye muhtasari wa kijiji: vali zilizo karibu zaidi na kivuko ziko wapi, na zinafungwa kwa dakika ngapi? Vifaa vya kukusanya mafuta yaliyoganda viko mji gani, na vililetwa lini mara ya mwisho hadi mtoni kwa majaribio? Zimamoto wa wilaya wameonyeshwa njia ya bomba na kupewa maelezo ya mafuta yenyewe? Je, wakulima watapata maji ya aina gani iwapo mto utafungwa kwa wiki tatu? Ukinyimwa majibu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa njia ya kuomba kwa maandishi.

Yapo mambo ambayo maelezo yangu hayatoshi, ni lazima uonane na watu ana kwa ana. Suala la fidia au mpaka wa shamba lipeleke kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria ukiwa na hati zote mkononi. Kwa maji, nenda ofisi ya Bonde hapo Moshi ukiwa na ramani ya shamba na kibali cha kutumia maji, kama kipo, uwaombe wakuelekeze kwenye maabara inayopima haidrokaboni, yaani kemikali zinazounda mafuta, kwa sababu si kila maabara ya maji huzipima. Pimeni sasa, maji yakiwa hayana tatizo, kwani bila cheti cha leo itakuwa vigumu kesho kuthibitisha kilichoongezeka. Sampuli ya kipimo hicho huchukuliwa kwa chupa ya kioo iliyotayarishwa na maabara, maana chupa ya plastiki iliyowahi kubeba soda au mafuta ya kula huharibu majibu.

Na ikitokea siku baba mdogo akaona utando unaong'aa, mabonge meusi yanayofanana na lami, au akavuta harufu kama ya kituo cha mafuta, azime pampu kwanza, awatoe watoto na mifugo kuelekea upande upepo unakotoka, asiwashe moto wala pikipiki karibu, kisha apige namba ya dharura ya bomba iliyotolewa kijijini na 114 ya Zimamoto. Aandike saa aliyoona na saa aliyopiga. Akiona kichwa kinauma au macho yanawasha, aende zahanati siku hiyo hiyo na amweleze mganga alichokivuta, asisubiri hadi asubuhi.